Watoto hatujawaficha, tuambieni tukifika shuleni tuonane na nani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba univumilie kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo muda mrefu.

Kila mwaka ukielekea mwisho, uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unapoanza, gari la matangazo hupita mitaani kwetu hapa Morogoro kutukumbusha wazazi. Si jambo baya. Ila kuna sentensi moja inayonikera, na naisikia pia redioni na kwenye hotuba za viongozi wakija kufungua madarasa: "Mzazi, usimfiche mtoto mwenye ulemavu ndani." Mwaka nenda, mwaka rudi, ni hiyo hiyo.

Sisemi kwamba watoto hawafichwi. Wapo wanaofichwa, na mzazi anayefungia mtoto ndani achukuliwe hatua. Lakini wazazi ninaowajua mimi hawajaficha mtu. Watoto wao wanajulikana mtaa mzima, wamebebwa mgongoni hadi wamekuwa wakubwa kuliko mgongo, na wamefikishwa shuleni mchana kweupe wakiwa wamechana nywele na kupakwa mafuta. Kilichowashinda kilianzia ndani ya geti la shule, mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Pale hakuna gari la matangazo linalomwambia mzazi aseme nini, aombe nini, na akikataliwa aende wapi.

Mimi ni fundi seremala. Natengeneza vitanda, makabati, milango, na msimu wa shule kufunguliwa nachonga madawati kama kuna mtu kaleta tenda. Mwanangu wa pili ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, na kuanzia hapo tukaingia kwenye safari ya kliniki na mazoezi ambayo wazazi wenzangu wanaijua. Mkono wake wa kulia umekaza, miguu inataka kupishana kama mkasi, shingo inachoka upesi, na maneno yanatoka moja moja huku mate yakimwagika. Mtu akimwona kwa mara ya kwanza anazungumza na mimi, si na yeye: "Huyu anaelewa?"

Anaelewa. Siku moja akiwa karakana alikuja mteja kuchukua mlango na fremu yake, akahesabu noti harakaharaka, akaziweka juu ya meza ya randa, akageuka kuondoka. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye gunia la maranda. Akaanza kusema kitu, mteja hakusubiri amalize. Nikamwambia, "Subiri kaka, msikilize." Ilichukua muda, lakini ilitoka: "Bado elfu nne." Tukahesabu upya. Ilikuwa bado elfu nne kweli. Na huyo hajawa hata darasa la kwanza, hesabu kaijulia kwenye chenji na kwenye futi kamba.

Nilipompeleka kuandikishwa, mwalimu mkuu alitupokea vizuri, na nasema hivi kwa sababu ni haki yake kusemwa. Alitupa kiti, akamsalimia mtoto. Kisha akaniambia, "Fundi, mimi sijakataa. Ila hapa sina mtaalamu, sina vifaa, na darasa lenyewe limejaa. Mpeleke kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu, huko ndiko atakakosaidika." Nikashukuru. Nikapanda bajaji na mtoto mapajani mpaka kwenye shule yenye kitengo. Mwalimu wa kitengo alimwuliza mtoto maswali, akampa vifuniko vya soda avihesabu, akatabasamu. "Mzee, huyu si wa kwangu. Mimi hapa nina watoto wenye ulemavu wa akili. Huyu akili yake iko sawa, ukimweka kwangu utamchelewesha. Mrudishe darasa la kawaida."

Basi nikawa na mtoto ambaye shule moja inasema ni mlemavu mno na nyingine inasema si mlemavu wa kutosha. Hakuna aliyefukuza mtu. Hakuna aliyenitukana. Kila mmoja alinisindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, na mwaka ule mwanangu hakuingia shule. Wasomaji ambao hawana mtoto wa aina hii wanadhani tunanyimwa elimu kwa kufokewa. Wengi wetu tumenyimwa kwa lugha nzuri kabisa.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayeuza dagaa Soko la Mawenzi. Ana binti kiziwi, na binti huyo alikuwa anasoma. Nilimpelekea stuli alizoagiza, tukaanza kuongea mambo ya watoto. Nikamweleza nilivyozungushwa. Alinisikiliza huku anapima dagaa za watu, halafu akaniambia: "Kaka fundi, wewe unakwenda kuomba huruma. Huruma haina faili. Mwalimu akihama, huruma imehama naye."

Halafu akaniuliza nilipokwenda kwa mwalimu mkuu niliomba nini hasa. Nikasema niliomba anisaidie. "Akusaidie nini?" Nikanyamaza. Hapo nikakumbuka wateja wangu. Anakuja mtu anasema, "Fundi, nitengenezee kabati zuri." Huyo namwambia njoo kesho, na kesho namwambia njoo keshokutwa, kwa sababu sijui pa kuanzia. Anayekuja na vipimo kwenye karatasi, urefu, upana, milango mingapi, huyo kazi yake inaanza siku hiyo hiyo, kwa sababu hata kuikataa siwezi mpaka niseme kipi kinanishinda.

Yule mama alinipa utaratibu wake, na ninauandika hapa kwa sababu kuna mzazi Gairo au Ifakara anayeuhitaji leo. Kwanza alinikataza kwenda shuleni tena bila barua. Barua iandikwe kwa mkono kama hakuna hela ya kuchapisha, iandikwe kwa Mwalimu Mkuu, na chini yake kuwe na maneno "Nakala: Afisa Elimu Kata" na pia "Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri". Kumbe cheo hicho kipo! Nimeishi Morogoro miaka yote hiyo sijui kwamba kwenye idara ya elimu kuna mtu ambaye kazi yake ni mwanangu. Barua unakwenda nazo mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Wakisema mhuri hauonekani, unakaa kwenye benchi kwa adabu unasubiri uonekane. Usiende peke yako, kwa sababu ukiwa peke yako utasahau nusu ya ulichoambiwa, na nusu nyingine mkeo hatakuamini. Na kila unachoahidiwa, uliza nani atakifanya na lini, ukiandike mbele yao kwenye daftari. Bila kupandisha sauti.

"Wakiona daftari," aliniambia, "hata lugha inabadilika."

Alinieleza pia kuhusu sheria, maana alikuwa amehudhuria mafunzo ya chama chao cha viziwi. Nilikwenda kuisoma mwenyewe, kijana wa stationari akanitolea kurasa. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kinazungumzia elimu, na kinataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Mwaka huo huo wa 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Sikuziweka zote kwenye barua. Mama wa dagaa alinionya: ukianza na sheria, mwalimu anajilinda, anza na mtoto, sheria weka mstari mmoja mwishoni, kama chumvi.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilieleza mtoto anaweza nini kabla ya kueleza hawezi nini: anahesabu, anatambua herufi zote, anakumbuka hadithi. Nikaomba asome chumba kisicho na ngazi. Nikaomba wakati wa majaribio aruhusiwe kujibu kwa mdomo pale mkono unapochoka, na mwalimu au mwenzake aandike. Nikaeleza habari ya choo, kwamba mama yake atakuja saa nne wakati wa mapumziko, kwa hiyo mlinzi aambiwe amfungulie bila maswali. Kuhusu kiti nikasema, kiti nitaleta mwenyewe.

Kiti hicho niruhusu nikieleze, mhariri, ni kazi yangu. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinipa vipimo: kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi kisigino, upana wa mabega. Nikatumia paini, siyo mninga, ili mama yake aweze kukiinua. Sehemu ya kukalia imeinama kidogo kwa nyuma ili asiteleze. Katikati ya mapaja kuna kigingi kifupi kilichovishwa sponji, hicho ndicho kinachozuia miguu kupishana. Chini kuna ubao wa kukanyagia, maana mtoto huyu miguu ikining'inia basi mwili mzima unakaza na mkono hauandiki. Mbele kuna meza yake ndogo inayochomoka, ina ukingo pande zote penseli isibingirike. Penseli yenyewe niliivisha kipande cha tyubu ya baiskeli iwe nene. Gharama yote, ukitoa jasho langu, haifikii bei ya dawati moja la shule.

Alipokubaliwa na kuanza, wiki ya kwanza kiti kilikuwepo darasani. Baadaye mama yake akaenda saa nne akamkuta mtoto amekalishwa sakafuni, ameegemezwa ukutani, daftari juu ya paja. Kiti kilikuwa stoo, kimepakiwa fagio na ndoo. Alipouliza akaambiwa kinaziba njia na wenzake wanakichezea. Hapo zamani ningekwenda kulalamika, wangenipa pole, ingeishia hapo. Safari hii nilikwenda na nakala yangu yenye mhuri, nikaiweka mezani, nikauliza kwa upole: hapa tulikubaliana kiti kiwe darasani, nani alibadilisha na lini? Mwalimu mkuu aliisoma, akaita mwalimu wa darasa, wakazungumza mbele yangu. Ikaonekana kuna mwalimu wa darasa la tano pale pale shuleni aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, ila miaka yote alikuwa anafundisha Sayansi na Maarifa ya Jamii kama wengine. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Alikuja, akakiangalia kiti, akasogeza madawati mawili, akakiweka pembeni karibu na dirisha. Kuhusu wenzake kukichezea, aliwaambia kila mmoja akikalie zamu moja, waone. Walimaliza hamu siku hiyo hiyo.

Mwalimu huyo ndiye aliyeniambia jambo ambalo nataka walimu wakuu wanaosoma gazeti hili walitafakari. Aliniambia barua yangu ilikuwa imewasaidia wao. Mwalimu mkuu alikuwa ameomba vifaa na mafunzo kwa mdomo kwenye vikao vya kata bila mafanikio. Sasa alikuwa na karatasi ya mzazi, yenye tarehe, ya kuambatanisha. Kwa hiyo mwalimu asidhani mzazi mwenye daftari ni adui amekuja kumpeleleza. Darasa la watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, chaki na mbao mbili: nani asiyejua hali hiyo? Mzazi anayeandika ni shahidi wa mwalimu huyo huko juu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, la upimaji.

Tunaambiwa, na ndivyo mwongozo unavyotaka, kwamba mtoto abainishwe mahitaji yake mapema, apimwe, ajulikane anahitaji nini. Mwanangu alipimwa. Walikuja wataalamu, wakakaa naye asubuhi nzima, wakamwuliza maswali, wakapima na kuandika sana. Nilifurahi. Mwishoni nikaomba nakala ya walichoandika. Nikaambiwa hiyo ni nyaraka ya ofisi, mzazi utaelezwa. Kuelezwa kwenyewe kulikuwa dakika chache kwenye korido: "Mtoto wako yuko vizuri, mtie moyo."

Mhariri, mimi nikitengeneza kitanda mteja anapewa risiti. Nikienda hospitali napewa kadi, na nikihamia mji mwingine naondoka nayo. Itakuwaje mtoto wangu apimwe akili na viungo vyake, halafu karatasi ya mtoto wangu iwe siri kwangu? Nitamsemea kwa kitu gani? Mwalimu mpya akija, nimweleze kwa kumbukumbu ya korido? Nimezungumza na wazazi wenzangu, na wengi wao hawana hata ukurasa mmoja unaosema mtoto wao alikutwa na hali gani na alipendekezewa nini. Wana picha za siku ya upimaji kwenye simu, basi.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwa wizara ya elimu na kwa TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, halihitaji bajeti. Fomu ya upimaji iwe na nakala ya mzazi. Iandikwe Kiswahili cha kueleweka: mtoto anaweza hiki, anahitaji hiki, shule ifanye hiki, arudi kupimwa tarehe fulani. Mzazi asaini, aondoke nayo.

Kuna faida nyingine ya karatasi hiyo ambayo wazazi wengi hawaijui, nayo ni mitihani. Mwongozo wa Baraza la Mitihani unawapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Piga hesabu. Mtihani wa saa moja na nusu, mwanangu kwenye Hisabati anapata nusu saa zaidi, na kwenye Kiswahili robo saa. Kwa mtoto ambaye jibu analijua ila mkono unahitaji muda kuliandika, nusu saa hiyo ndiyo kufaulu na kufeli. Wenye uoni hafifu wanapewa karatasi ya maandishi makubwa, wasioona wanapewa ya nukta nundu.

Lakini nyongeza hiyo haianguki kutoka mbinguni siku ya mtihani. Shule ndiyo inayosajili watahiniwa, na kama haikuonyesha wakati wa usajili kwamba huyu ana mahitaji maalumu, msimamizi siku hiyo atamwona kama wengine na kengele ikilia atakusanya karatasi. Nilipouliza kabla ya mtihani wa upimaji wa darasa la nne, nilijibiwa kwamba muda wa nyongeza ni wa wasioona tu. Sikubishana. Niliandika barua, nikaomba nijibiwe kwa maandishi kwamba mwanangu hastahili. Jibu la maandishi halikuja kamwe. Lililokuja ni simu: "Mzee, tumelishughulikia, ameingizwa." Akafanya mtihani na muda wake akapewa. Alivyofaulu ni habari yake mwenyewe, sitaitangaza gazetini, ila mama yake alipika pilau.

Nalifikiria darasa zima la watoto kama yeye ambao wazazi wao hawakujua kuuliza. Alama zao zipo, zimeandikwa, na zinasema uongo.

Neno kwa wanaume wenzangu, nitalipitia haraka kwa sababu linanikasirisha. Kwenye benchi la mazoezi tiba, baba huwa tunahesabika. Akina mama wamejaa, na wengi wakikueleza, mume aliondoka mtoto alipogundulika, au yupo lakini anasema "hayo ni ya upande wa kwenu". Mama huyo huyo ndiye anayebeba mtoto, anayepika vitumbua vya kuuza, na ndiye tunayemtaka akasimame mbele ya mwalimu mkuu azungumzie kifungu cha 27. Elimu bila malipo ilianza 2016 na tunaishukuru serikali, lakini nauli ya bajaji haijafutwa, na mtoto asiyetembea ni bajaji kwenda na bajaji kurudi. Mwanamume anayetoa hata nauli hiyo tu bila kukumbushwa, namvulia kofia.

Wapo watakaosema wazazi wapewe semina. Sina ubaya na semina. Nimehudhuria moja, hotelini, kulikuwa na chai, sambusa na kofia zenye maandishi, na mgeni rasmi alizungumza vizuri sana kuhusu kutowaficha watoto. Tulipotoka nilimwuliza mwenzangu tuliyekaa meza moja kama amepata kujua ofisi ya Afisa Elimu Maalumu iko jengo gani. Hakujua, na mimi ndiye niliyemwelekeza.

Wanachohitaji wazazi ni kidogo na kinatoshea kwenye karatasi moja. Siku ya uandikishaji, mzazi mwenye mtoto wa aina hii apewe karatasi yenye cheo cha mhusika kata na halmashauri, ilipo ofisi, siku za kuonana naye, na mfano wa barua wa kujaza. Shule iseme kwa maandishi imempokea mtoto au imemwelekeza wapi, na kama imemwelekeza shule nyingine, yenyewe ndiyo ipige simu huko kuuliza kama watampokea, siyo mzazi azunguke na mtoto mapajani kutafuta mlango. Kwenye kamati ya shule yenye watoto hawa, mjumbe mmoja kati ya wazazi awe mzazi wao. Nimeshuhudia kamati ikijadili ujenzi wa matundu ya choo bila mtu hata mmoja kutaja upana wa mlango. Mlango ukajengwa mwembamba, kiti cha magurudumu hakipiti, na choo ni kipya kabisa kina rangi ya bluu. Kama fundi ningewaambia bure.

Na wazazi tusisubiri yote hayo. Mtaani kwetu tumeanza kukutana wachache Jumapili jioni kwenye karakana yangu, maranda yakishafagiliwa. Hatuna katiba wala usajili, hatuna mwenyekiti. Anayejua kuandika anamwandikia asiyejua, anayekwenda ofisini anasindikizwa na mwenzake ambaye siku hiyo hana kazi. Mama wa dagaa huja akipata nafasi na bado ndiye mwalimu wetu. Juzi tulimsindikiza mzazi wa mtoto mwenye usonji ambaye aliambiwa mtoto aje shule siku mbili tu kwa wiki kwa sababu "anasumbua". Tulikwenda watu watatu na daftari moja. Tukauliza uamuzi huo umeandikwa wapi. Haukuwa umeandikwa popote. Mtoto sasa anakwenda siku zote tano, ingawa vita ya kumpatia mahali pa kutulia kelele zikizidi bado inaendelea, na mwalimu wake tunamwonea huruma pia.

Mafundi wenzangu wa mikoani wanaotaka vipimo vya kile kiti, na jinsi ya kuvirekebisha mtoto anapokua, waje Morogoro niwachoree. Sitozi kitu, ila mbao mje nazo.

Fundi seremala,
Morogoro.
(Jina langu na anwani ninakuachia, mhariri.)